Neno Lililoachana na Kifo: Uchambuzi wa Kivumishi cha Kiskoti "fey"

Belle and Sebastian ni bendi ya Glasgow iliyoanzishwa mwaka 1996, na wahakiki wa muziki wamezoea kuibandika neno moja fupi: "fey". Wanachomaanisha ni sauti laini, haya, hali ya kindotondoto, pengine na madaha kidogo. Msomaji aliyelizoea neno hilo kwa maana hiyo akifungua Guy Mannering, riwaya ya Walter Scott ya mwaka 1815, atashangaa. Humo mtunza bustani mzee anamwambia kijakazi kwamba afisa wa ushuru, Frank Kennedy, yuko katika hali hiyohiyo, na Kennedy hana ulaini wowote. Ameingia mbio, amepandwa na furaha isiyo na breki, anashangilia kwamba jahazi la wafanya magendo linafukuzwa na linakaribia kunaswa. Siku hiyohiyo maiti yake inakutwa chini ya jabali.

Kamusi hazimsaidii sana msomaji huyo, kwa kuwa nyingi huziorodhesha maana zote mbili, moja juu ya nyingine, bila kueleza ilikuwaje mtu anayekaribia kufa na kijana mwenye gitaa na sauti ya upole wakaitwa jina moja. Ndipo watu hugawanyika. Wako wasemao maana ya kisasa ni ujinga uliozoeleka. Wako wasemao ya kale imekufa na isumbuliwe na wanahistoria. Wengine husema hapa kuna maneno mawili yaliyogongana. Kila upande umeshika kitu cha kweli, ila nadhani zote tatu zimeruka kipande kilekile cha habari, nacho ni kile Waskoti wenyewe walichokifanya na neno hili kabla halijatoka mikononi mwao.

Lilikotoka

Kiingereza cha Kale kilikuwa na "fǣge": mtu ambaye saa yake ya kufa imeshaandikwa nayo haiko mbali. Lilikuwa neno la vita na la tungo za vita. Limo katika Beowulf, ambamo mtunzi anasema kwamba majaaliwa mara nyingi humnusuru yule ambaye siku yake haijafika, maadamu ushujaa wake haujamwangusha. Limo pia katika shairi la vita vya Maldon, vilivyopiganwa mwaka 991. Wanorse walikuwa na ndugu yake, "feigr", na mfano wake mzuri kuliko yote uko katika Njáls saga, iliyoandikwa Iceland katika karne ya 13. Thord anamwona mbuzi amelala, ametapakaa damu. Njál anaangalia palepale, haoni mbuzi wala damu. Anamwambia Thord kwamba basi yeye ndiye "feigr", kwamba kile alichokiona ni kiumbe-roho kinachofuatana naye, na kwamba ajihadhari. Tahadhari haikufaa kitu, kwani Thord anauawa muda si mrefu baadaye. Hapa neno linafanya kazi yake yote kwa mara moja: linataja kifo kinachokuja, na linataja dalili inayomfanya mtu wa pembeni akitambue.

Kusini mwa Uingereza neno lilififia kuelekea mwisho wa Enzi za Kati. Kaskazini lilibaki, na si kwa bahati. Kiskoti kilizaliwa na Kiingereza cha Kale cha kaskazini, kikaishi jirani na Wanorse kwa karne nyingi. Visiwa vya Orkney na Shetland vilikuwa chini ya wafalme wa huko Skandinavia hadi mwaka 1468 na 1469, vilipowekwa rehani kwa mfalme wa Waskoti na visikombolewe tena. Neno lililokuwa na jamaa pande zote mbili halikosi wa kulitunza. Robert Burns alilitumia mwishoni mwa karne ya 18 katika wimbo wake kuhusu vita vya Sheriffmuir vya mwaka 1715, akiwataja wale waliokuwa wa kufa siku hiyo, na John Jamieson akaliingiza katika kamusi yake kubwa ya Kiskoti ya mwaka 1808.

Lakini kinywani mwa Waskoti neno lilikuwa limeongeza jambo. Scott analieleza vizuri katika maelezo aliyoyatia kwenye The Pirate, riwaya yake iliyowekwa Shetland: bahili akiwa mkarimu ghafla, au mnunaji akachangamka bila sababu, watu husema amekuwa "fey", yaani mauti yamemkaribia na mabadiliko hayo ya tabia ndiyo ushahidi. Tazama kilichobadilika. Katika Beowulf hakuna anayehitaji kuonyesha hali fulani ya moyo ili aitwe hivyo, kwa maana majaaliwa yanatosha. Kwa mtunza bustani wa Scott, neno ni hukumu anayoitoa jirani baada ya kumtazama jirani mwenzake na kuona kwamba leo si yeye. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuielewa fikra hiyo. Matangani husikika: juzi alipita nyumba hadi nyumba, alicheka na kila mtu, hata yule waliyekuwa hawasemeshani alimpa mkono, kumbe alikuwa anatuaga. Tofauti ni kwamba sisi huyasema hayo baada ya kuzika. Mskoti wa Scott aliyasema mtu angali hai.

Hoja ya watetezi wa asili

Kundi la kwanza lina nguvu ya maandiko. Ukilisoma neno hili katika kitabu cha zamani kwa maana ya kisasa, unakosea kabisa, na kosa lenyewe linaharibu kisa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa J. R. R. Tolkien. Katika buku la mwisho la The Lord of the Rings, mfalme mzee Théoden anawaongoza wapanda farasi wake kwenye uwanja wa Pelennor, na Tolkien anasema alionekana "fey". Anayelijua neno kutoka kwenye kurasa za muziki atapata picha ya mzee mwenye madaha juu ya farasi. Tolkien hakuwa mtu wa kubahatisha katika jambo hili: alifanya kazi katika kamusi ya Oxford mwaka 1919 na 1920, na kuanzia mwaka 1925 alikuwa profesa wa Kiingereza cha Kale katika chuo kikuu cha Oxford. Alimaanisha kwamba mfalme anakwenda kufa, kwamba moyo wake umewaka kwa namna inayotangulia kifo, na kweli hatoki uwanjani akiwa hai.

Udhaifu wa kundi hili unaanzia kwenye neno lao wenyewe, "asili". Asili ipi? Kama ni ya Beowulf, basi mtunza bustani wa Scott naye amekosea, maana ameongeza furaha isiyo ya kawaida ambayo haikuwamo. Kama ni ya Scott, basi tumeshakubali kwamba neno lilihama mara moja kwa haki, na inabidi tuelezwe kwa nini halikuruhusiwa kuhama mara ya pili. Tukitoka nje ya Kiingereza mambo yanazidi kuwa magumu. Kijerumani kina "feige", tawi la mti huohuo, na leo maana yake ni mwoga. Kiholanzi kina "veeg", ambalo limebaki katika misemo michache, kama ule wa kuitaja dalili mbaya. Hakuna Mjerumani anayeambiwa kwamba amwache mwoga wake kwa kuwa mababu walimaanisha mtu wa kufa. Mwenye kutetea asili hutetea hatua moja ya safari, mara nyingi ile aliyoisoma kwanza, kisha huiita mwanzo.

Hoja ya matumizi

Kundi la pili linajibu kwa urahisi: maana ya neno ni ile wasemaji wanayoelewana nayo. Mwingereza wa leo akilisikia, hafikirii jeneza. Kumlazimisha alitumie kwa maana ya Scott ni kumtaka asieleweke na wenzake. Kama kanuni ya jumla sina ugomvi nayo, na waandishi wa kamusi wa siku hizi hawana njia nyingine ya kufanya kazi yao.

Tatizo ni kwamba kanuni hiyo inadhani wasemaji ni kundi moja. Katika sensa ya mwaka 2011 zaidi ya watu milioni 1.5 nchini Uskoti walisema wanazungumza Kiskoti, na mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukitambua rasmi pamoja na Kigaeli. Kamusi ya taifa ya Kiskoti, iliyochapwa kwa mabuku 10 kati ya mwaka 1931 na 1976, inaliweka neno hili katika maana yake ya mauti kwa mifano ya wasemaji na waandishi wa huko. Tukisema "matumizi yameamua", tumekwisha kuamua ni matumizi ya nani yanayohesabiwa, na tumefanya hivyo kwa kuliita neno la lahaja, kana kwamba ni kipande cha Kiingereza kilichosahaulika kijijini na mjini wakakirekebisha.

Zaidi ya hapo, hayo matumizi mapya yenyewe hayajatulia. Kwa mwandishi mmoja "fey" ni sifa njema, mtu mwenye kitu kisicho cha dunia hii. Kwa mwingine ni mtu anayeona yajayo. Kwa wa tatu ni mtu wa kujidai, anayejifanya mwepesi wa hisia. Kwa wa nne, hasa anapotajwa mwanamume, ni kejeli juu ya uanaume wake, na wengi waliorushiwa neno hilo wanajua fika lilikusudiwa kuuma. Neno lenye maana nne, mojawapo tusi, haliwezi kusemwa kwamba matumizi yamelimaliza. Anayeliandika leo bila kulipima anamwachia msomaji achague, na msomaji anaweza kuchagua tusi.

Hoja ya maneno mawili kugongana

Kundi la tatu ndilo lenye maelezo yanayovutia kuliko yote. Kiingereza kina neno jingine, "fay", lililotoka Kifaransa cha Kale na nyuma yake Kilatini "fata", nalo linataja vichimbakazi wa hadithi. Katika matamshi ya Kiingereza cha leo "fey" na "fay" hayatofautiani hata kidogo. Karne ya 19 ilipenda sana vichimbakazi, ikawachora wadogo, wepesi, wenye mabawa. Mwaka 1904 J. M. Barrie, mzaliwa wa Kirriemuir huko Uskoti, akauwekea upendo huo muhuri kwa mchezo wake wa Peter Pan. Hoja inasema: sikio la Mwingereza lilisikia neno la kifo, likadhani limesikia neno la kichimbakazi, na mengine yakafuata. Tolkien mwenyewe, katika mhadhara alioutoa chuo kikuu cha St Andrews mwaka 1939, alilalamika kwamba viumbe hao walikuwa wamepunguzwa hadi kuwa vitu vya urembo. 

Sikatai kwamba maneno hayo yaligusana. Ninachokataa ni kwamba mguso huo ndio chanzo. Kwanza, tazama tahajia. Katika Guy Mannering Scott hakuandika "fey", aliandika "fie". Hiyo ni tahajia ya mtu anayefuata sikio lake, na inaonyesha kwamba kwa Waskoti aliowasikia neno halikufanana kimatamshi na lile la vichimbakazi. Mgongano ungeweza kutokea kwa watu waliolipata neno kwenye ukurasa na kulitamka kwa Kiingereza chao. Waliolirithi midomoni mwa wazee hawakuwa na sababu ya kuchanganyikiwa. Pili, kuna shahidi ambaye kundi hili halimwiti. "Weird" pia lilikuwa neno la majaaliwa katika Kiingereza cha Kale, nalo pia lilififia kusini likabaki kaskazini. Shakespeare alilipata katika masimulizi ya Uskoti akawaita kwa hilo wale wanawake watatu wa Macbeth, akimaanisha wenye kushika ajali za watu. Leo maana yake ni "ajabu", kitu kisicho cha kawaida. Safari ni ileile: kutoka majaaliwa, kupitia Uskoti, hadi ugeni wa sura. Tena "weird" halikuwa na pacha wa kugongana naye. Ikiwa neno moja lilifika pale bila ajali ya barabarani, ajali ya la pili haiwezi kuwa maelezo ya kutosha.

Kilichotokea

Ukiweka matawi yote pamoja, unaona kwamba kila moja limeshika dalili na kuachana na ugonjwa. Wajerumani wamebaki na hofu ya mtu anayekaribia kufa. Waholanzi wamebaki na ishara. Waingereza wamebaki na ule wepesi usio wa kawaida, macho yanayotazama kitu ambacho wengine hawakioni. Hizo zote zilikuwamo ndani ya neno la kale, kwa kuwa mtu aliyeandikiwa kufa aliweza kuogopa, kutisha wenzake au kuchangamka kupita kiasi. Kilichotoweka ni saa iliyopangwa. Maana ya kisasa ya Kiingereza kwa hiyo haikuchomekwa kutoka nje: ni ile hali ya moyo ambayo Waskoti walikuwa wameshaiweka mbele, ikabaki peke yake mauti yalipoondolewa. Neno la vichimbakazi lilikuja baadaye kuchagua rangi, na likachagua ile laini.

Kuna pingamizi zito hapa. Waaislandi walipokea Ukristo mnamo mwaka 1000, na hata hivyo "feigur" kwao bado ni mtu wa kufa, likiwa na methali yake isemayo kwamba aliyeandikiwa haokoleki na asiyeandikiwa hauawi. Kama kupotea kwa imani ya kale ndiko kulikoliua neno, mbona kwao halikufa? Pingamizi hili lingenishinda kama ningesema kwamba dini ndiyo sababu. Uskoti yenyewe, baada ya matengenezo ya kanisa ya mwaka 1560, ilikuwa na mafundisho ya Kalvini ambayo hayakuwa na ugumu wowote na saa iliyopangwa, na neno likaendelea kuishi chini ya wachungaji wake. Sababu ni nani analisema, na juu ya nani. Mwaislandi na Mskoti walilitumia kwa mtu wanayemjua. Ili uone kwamba bahili amekuwa mkarimu, sharti uwe umewahi kumwomba akakunyima. Neno linadai ujirani. Lilipoingia London kupitia riwaya za Scott na washairi waliofuata, wasomaji hawakuwa na jirani wa kumlinganisha na jana yake. Walikuwa na mtu wa kwenye ukurasa, Mskoti, mwenye mambo yasiyoeleweka.

Na Uskoti ilikuwa tayari imeshapewa sura hiyo. Samuel Johnson alipozuru nyanda za juu na visiwa mwaka 1773, moja ya mambo aliyoyaulizia kwa bidii lilikuwa uwezo wa watu wa huko kuona yajayo. Kufikia mwisho wa karne ya 19 palikuwa na soko zima la vitabu vya ukungu, mizimu na Wakelti wenye macho ya mbali. William Sharp, mzaliwa wa Paisley, alijipatia jina kubwa kwa kuandika mambo hayo chini ya jina la kike, Fiona Macleod. Katika soko hilo neno la kifo liligeuka pambo la mahali. Mtu aliitwa "fey" kwa kuwa alitoka huko, hata kama jana yake na leo yake hazikutofautiana.

Gharama ya kila uamuzi, na kazi ya mfasiri

Kuipokea maana mpya kuna faida: unaeleweka, na unapata neno jepesi kwa hali ambayo "laini" peke yake haiitoshelezi. Gharama yake ni kwamba Kiingereza kimebaki bila neno moja la kusema mtu huyu amebadilika kwa namna inayonifanya nimhofie mauti. Maneno ya kuizunguka hali hiyo yapo, la kuigusa halipo. Kuishikilia maana ya kale nako kuna faida katika uandishi wa kihistoria na katika Kiskoti chenyewe, lakini katika gazeti la leo mwandishi atahitaji sentensi nzima ya kujieleza, na neno linalohitaji mlinzi kila linapotoka ni mzigo. Pamoja na hayo siweki mizani sawa. Kwa maandishi yoyote ya Kiskoti ya kabla ya karne ya 20, na kwa mwandishi yeyote aliyelelewa na fasihi ya kale kama Tolkien, maana ya mauti ndiyo ya kuanzia, na anayedai nyingine ndiye alete ushahidi. Kwa uhakiki wa muziki wa leo, kinyume chake. Waandishi wa kamusi nao wangefanya vema kuiweka hali ya moyo ya Kiskoti katikati ya maana hizo mbili, maana bila hiyo msomaji haoni namna ya kutoka ya kwanza hadi ya pili.

Mfasiri wa Kiswahili ana raha kidogo kuliko Mwingereza, kwa sababu lugha yake bado inaijua fikra yenyewe. "Sikio la kufa" halisikii dawa, na hilo "la kufa" limebeba yote mawili, ajali na tabia inayoiashiria. Kasoro yake ni kwamba linaelekea kwenye ukaidi, ilhali Kennedy hakuwa mkaidi, alifurahi mno. Kumwandika kwamba "anaaga" kunaipata ile furaha na ule mshtuko wa jirani, ila kunampa mwenyewe kazi ya kuaga, kana kwamba moyo wake unajua. Kennedy hakujua lolote. Kwa mtunza bustani wa Scott ningechagua kauli ya mzee wa uswahilini, "huyu si bure, kuna kitu kinamwita", na kumwacha msomaji asubiri jabali. Kwa Théoden isingefaa. Mfalme yule anasimuliwa na msimulizi wa tenzi, si na mtumishi, na hapo inatosha kusema kwamba alikuwa kama mtu ambaye ajali yake imemfikia naye anaikimbilia.